Trekta na visiki: kufungua shamba jipya bila kuua mashine

Matrekta mengi yanayokufa hapa Uganda, katika wilaya za Nwoya, Amuru, Kiryandongo na Nakaseke, hayauawi na uzee. Yanauawa na ardhi ambayo hakuna aliyeipita kwa miguu kabla ya dereva kuwasha injini. Trekta la magurudumu la nguvu za farasi 50 hadi 85, yale ya Massey Ferguson 240, 375 na 385, Sonalika, Mahindra au New Holland tunayoyaona kila senta (mji mdogo wa biashara), liliundwa kulima shamba lililokwisha kufunguliwa. Ukiliingiza kwenye nyasi zilizompita mtu urefu, juu ya visiki na vichuguu, unalifanyisha kazi ya buldoza, nalo tumbo lake liko wazi na rejeta yake inalindwa na wavu mwembamba. Kazi litaifanya, lakini kwa masharti, na sharti la kwanza halihusu spana.

Pita shambani na watu wawili au watatu, mmoja kila mita nne au tano, kila mmoja na fimbo ya kupekulia nyasi na vipande vya kitambaa chekundu. Kila kisiki, jiwe, chuguu na shimo lifungiwe kitambaa juu ya fito ndefu, ili dereva alione akiwa kwenye kiti. Mashimo ya mhanga yanameza gurudumu la mbele lote, na spindo (mhimili wa gurudumu hilo) ikipinda hapo umepoteza wiki. Acholi, kaskazini, kuna jambo la ziada: mashamba mengi yalilala miaka mingi watu wakiwa kambini wakati wa vita, na ndani ya nyasi kuna mashimo ya vyoo vya maboma ya zamani, misingi ya maghala, na makaburi. Waulize wazee wa hapo kabla ya kugusa chochote. Uganda ilitangazwa kuwa imemaliza kusafisha mabomu ya kutegwa ardhini Desemba 2012, lakini ukikuta chuma usichokielewa, acha hapo hapo, weka alama, ita polisi. Upande wa Nakasongola adui ni mwingine, waya wa seng'enge wa ranchi za zamani. Huo unajiviringisha kwenye shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine ya nyuma) na kukata sili ya gia boksi ya mashine ya kufyekea. Hutajua mpaka mafuta yote yameisha na gia zimebadilika rangi ya bluu.

Mti wa yaa, yaani mshea, ule wa siagi ya moo yaa, uzungukeni. Una thamani ukisimama kuliko ukilala, na kuukata kunakuletea ugomvi na majirani na serikali. Moto nao si njia ya mkato: sheria ya Uganda inazuia kuchoma nyasi ovyo, na kisiki kilichoungua nusu hubaki mkaa juu na mti mgumu chini, usawa wa plau kabisa.

Sasa visiki vidogo, ambavyo kwa maoni yangu vinaharibu kuliko vikubwa. Kisiki kikubwa dereva anakiona. Kijiti cha unene wa kidole gumba kilichokatwa kwa panga kimshazari ni mkuki, na kimefichwa na nyasi alizoziangusha mfyekaji mwenyewe. Amri kwa wafyekaji iwe moja: kila kilicho chembamba kuliko kifundo cha mkono king'olewe kwa sururu, mzizi mkuu ukatwe angalau sentimita 30 chini ya udongo, kwa sababu diski zinapita sentimita 20 hadi 25. Kisichong'oka kikatwe bapa, usawa wa ardhi, kwa msumeno au shoka. Wafyekaji wakilipwa kwa ekari watakata mshazari kwa sababu ni haraka. Walipe kwa ekari iliyokaguliwa.

Hata ukifanya hivyo, tairi itatoboka. Mbele nyingi ni 7.50-16, nyuma 18.4-30 au namba za karibu yake, na tyubu za saizi hizo hazipatikani kila senta, kwa hiyo moja ya mbele na moja ya nyuma zikae stoo tangu siku ya kwanza. Upepo wa nyuma kwa kazi ya shamba ni psi 12 hadi 16. Wengi wanajaza 25 wakidhani tairi ngumu haitobolewi, kumbe tairi laini hujikunja juu ya kijiti na ngumu hukipokea kwa nguvu zote. Chini ya 12 nayo ni kosa, maana tairi huteleza ndani ya rimu na kung'oa shingo ya valvu.

Kama tairi za nyuma zimejazwa maji ya uzito, robo tatu ya tairi, kiraka hakianzi kwa jeki. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe chini, inua kidogo tu uzito utoke kwenye tairi, toa kiini cha valvu na uache maji yatoke kwenye madebe, kwani utayarudisha. Ndipo ulegeze ukingo wa tairi. Kabla ya kuziba tyubu, pitisha mkono ndani ya tairi taratibu, huku umeshika kitambaa kinene, utafute kijiti kilichobaki. Kuziba tyubu na kuacha mwiba ndani ni jambo la kila siku. Sugua mahali pa kiraka mpaka rangi ibadilike, paka gundi, subiri mpaka ikiguswa na ukucha inanata lakini haivuti uzi, kisha bandika na ugonge kuanzia katikati kwenda pembeni. Kama ganda la tairi lenyewe limepasuka zaidi ya urefu wa kidole, kiraka cha tyubu hakitakaa siku mbili, kwa sababu mpasuko unafunguka na kufunga kama mdomo na kuitafuna tyubu. Kata kipande cha tairi kuukuu, kichonge kingo ziwe nyembamba, kibandike ndani ya ganda upande wa mpasuko. Jaza upepo, utoe wote, ujaze tena, ili mikunjo ya tyubu inyooke. Ukingo ukikataa kukaa kwenye rimu usipite psi 35. Toa upepo, paka maji ya sabuni, anza upya. Rimu inayoruka inaua mtu. Na nati za gurudumu zikazwe tena baada ya saa moja ya kazi, halafu jioni. Stadi, yaani bolti za gurudumu, zinazokatika porini nyingi zilikatika kwa sababu hiyo tu.

Rejeta ni ugonjwa wa Januari. Kaskazini kiangazi kinaanza Desemba mpaka Machi, ndio wakati watu wanafungua mashamba, na mbegu za nyasi kavu zinavutwa na feni mpaka matundu yote yanazibwa. Geji ikipanda, dereva mzuri hashuki na kufungua kifuniko. Anaacha mzigo, anaiacha injini izunguke polepole dakika chache, anaizima, na kifuniko kinangoja mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono. Kusafisha ni kwa upepo au maji yanayotoka upande wa feni kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ya hewa. Ukipiga kutoka mbele unayasukuma makapi ndani zaidi. Fanya hivyo mchana na jioni, na uweke wavu wa chandarua cha chuma mbele ya grili ambao dereva anaweza kuuchomoa na kuukung'uta bila spana.

Kijiti kikipenya mrija mmoja wa rejeta, kata mapezi kuzunguka mahali hapo, minya mrija juu na chini ya tundu kwa plaisi, kisha uzibe kwa risasi ya kulehemu. Mirija miwili au mitatu iliyofungwa haitalitesa trekta. Usitie manjano, unga wa muhogo au yai, tiba za barabarani zinazoziba hata mirija mizima. Injini ikishachemka kweli, angalia mambo mawili kesho yake: mapovu yanayoendelea kutoka kwenye maji ya rejeta injini ikizunguka, na mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mojawapo likitokea gaskiti ya silinda hedi imeondoka, au hedi imepinda. Hiyo haitengenezwi shambani. Hedi ipelekwe kupimwa kwa rula ya chuma na kusagwa kama imepinda.

Dizeli nayo. Kwa injini ya Perkins na pampu ya CAV ya mzunguko, iliyomo kwenye Massey nyingi za zamani, kuharibika kwingi kunakoitwa "injini imekufa" ni hewa au maji. Dizeli inakuja kwa boda ndani ya jerikani ya mafuta ya kupikia, imemiminwa usiku, na umande umeingia. Jerikani ikae imetulia usiku kucha, umimine asubuhi kupitia kitambaa cha pamba, na sentimita tano za chini zisiingie tangini kamwe. Tangi lijazwe jioni, si asubuhi, kwa sababu tangi tupu linatoa jasho usiku.

Injini ikizima na kukataa kuwaka, fuata njia hii. Fungua koki ya tangi. Mwaga bakuli la mashapo mpaka dizeli safi itoke. Badilisha filta, nyingi ni CAV 296, na usisahau pete za mpira za juu na chini, kwani pete ya zamani iliyobaki imebandika juu huvuta hewa na utalala hapo. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, sukuma mkono mdogo wa pampu ya kuvutia mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Mkono ukiwa mlegevu hausukumi kitu, pampu haijafa: kamu ya injini, ile inayoiendesha, imesimama juu yake. Zungusha injini kidogo kwa stata ujaribu tena. Mafundi wametupa pampu nzima nyingi kwa kutojua hilo. Kisha legeza skrubu ya ubavuni mwa pampu ya sindano, sukuma, kaza, halafu ile ya juu kwenye gavana (kidhibiti mwendo cha pampu), vivyo hivyo. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli mbili, piga stata huku mafuta yamefunguliwa mpaka dizeli iruke, kaza, washa. Usiguse kwa kidole dizeli inayotoka kwenye bomba la shinikizo. Inapenya ngozi kama sindano, na kidole hicho kinaweza kukatwa hospitalini. Bomba la shinikizo lililopasuka halilehemiwi, linabadilishwa. Lakini tangi la dizeli lililotobolewa na tawi lizibe kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia: ikande, ibandike juu ya tundu lililofutwa, na utamaliza siku, hata tatu.

Kwenye stata usimruhusu yeyote asimame kando ya gurudumu la nyuma na kuunganisha vituo vya stata kwa bisibisi. Njia hiyo inapita swichi ya usalama, na trekta likiwa kwenye gia linawaka na kumpanda aliyelishika.

Sasa kung'oa visiki, ambapo mashine na watu wanapotea pamoja. Mnyororo ufungwe kwenye upau wa chini wa kuvutia, basi. Ukiufunga kwenye toplinki, yaani mkono wa juu wa kushikia plau, pua ya trekta inanyanyuka na linageuka nyuma kabla dereva hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Hatari ni hiyo hiyo ukikwama: gogo lililofungwa kwa kamba kwenye magurudumu ya nyuma ili "yapande" halipandishi. Gurudumu linakataa kuzunguka na mwili wa trekta unazunguka badala yake. Mnyororo uwe mrefu kuliko mti, wala usiwe kamba ya nailoni, inayojivuta kama mpira na kurudi kwa kasi ikikatika. Anza gia ya kwanza ya chini, mnyororo ukaze kwanza, kisha ongeza mafuta. Trekta likisimama na magurudumu kuzunguka, acha, chimba mizizi zaidi. Kisiki kisichotoka kwa mvuto wa pili kinahitaji sururu. Difloki, kifungo kinacholazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, iwashwe kabla ya gurudumu kuteleza, gurudumu likiwa limesimama, na isitumike kwenye kona. Dereva anayeiwasha gurudumu likizunguka anavunja meno yake ndani ya difu, na hilo ndilo tengenezo la gharama kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Klachi inaungua hapo hapo kwenye visiki. Dereva anayeiacha nusu, trekta likisukumwa mbele na nyuma, ataisikia harufu kwanza, halafu trekta litakuwa linanguruma bila kwenda. Kabla hujaamua kubadilisha, pima uhuru wa pedali. Nyingine zimekaza tu, diski haifungi kabisa, na marekebisho ya fimbo yanalirudisha. Zikishaisha, trekta lazima litenganishwe katikati, na hilo lifanywe kwenye sakafu ngumu au juu ya mabamba, si kwenye udongo. Toa betri kwanza. Tia kabari za mbao kila upande kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake, maana ekseli inabembea kwenye pini ya katikati, na bila kabari nusu ya mbele inaangukia ubavuni mara inapoachiliwa. Weka stendi imara chini ya gia boksi, na jeki ya magurudumu chini ya injini, ndipo ulegeze bolti za kuunganishia, mbili za mwisho kwa pamoja. Ukiwa ndani badilisha diski zote mbili, beringi ya kusukuma, na sili ya nyuma ya injini. Kurudi ndani kwa ajili ya sili uliyoiacha ni kazi ya siku nzima.

Kwa plau, diski zinashinda jembe la kichwa kwenye shamba la visiki kwa sababu zinabingirika juu ya kizuizi. Usipite kilomita tano au sita kwa saa. Ukisikia kishindo, inua, rudi nyuma, zunguka. Kisha ushuke, ushike kila diski ukingoni na kuitikisa: ikicheza, beringi imelegea au bolti imekatika. Beringi za koni za diski na za magurudumu ya mbele hukazwa hivi: kaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka lihisi zito kidogo, rudisha nati tundu moja, tia pini mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo siiamini. Diski iliyopindwa isitiwe moto, maana inapoteza ugumu na itakunjika tena kwenye kisiki kijacho. Na bolti ya kukatika ya mashine ya kufyekea iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chake, 4.6 au 8.8, lisomeke kichwani mwa bolti. Fundi atakayekuwekea 10.9 "ili isikatike tena" amehamisha uvunjikaji kutoka bolti ya bei ya soda kwenda gia boksi.

Sampu (beseni la mafuta chini ya injini) na sehemu nyingi za mwili wa trekta ni chuma cha kusubu. Zikipasuka kwa kisiki, fundi wa senta atakuja na elektrodi ya kawaida na kupaka mstari mzuri, na mpasuko mwingine utatokea kando yake kabla jua halijazama. Toboa tundu la milimita 3 au 4 kila mwisho wa mpasuko ili usiendelee. Chonga mfereji. Pasha chuma moto kwa mkaa, tumia elektrodi ya nikeli vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, gongagonga kwa nyundo ndogo kila kipande, kisha ufunike kwa jivu la moto mpaka kipoe chenyewe, hata usiku kucha. Kabla ya umeme wowote kuguswa, toa vituo vya betri na uchomoe altaneta, na waya wa ardhi ukamatwe karibu kabisa na kidonda, usipite kwenye beringi. Lakini bora zaidi kidonda kisitokee: bamba la chuma la milimita 6 lililokunjwa na kufungwa chini ya injini kwa bolti, likiacha nafasi ya nati ya kumwagia mafuta, ni kazi ya asubuhi moja ya fundi.

Sanduku la shambani lisiwe la spana tu. Bolti za kukatika kumi, feni belti, filta mbili, hozi ya juu na ya chini ya rejeta, vishikio vyake, pini za plau, krosi ya shafti, lita tano za mafuta ya injini, grisi na grisigani, stadi nne za gurudumu na nati zake. Nipo, yaani vidomo vya kutilia grisi, zote zitiwe grisi kila saa kumi za kazi. Mafuta ya injini kitabu kinasema saa 250, kwenye vumbi hili badilisha kwa nusu yake, na kichujio cha hewa cha bakuli la mafuta kikaguliwe kila jioni. Spana chukua seti mbili, kwani Massey za zamani zina nati za inchi na za India za milimita. 3/4 inabadilishana na 19, na 5/16 na 8. Lakini 13 kwenye nati ya 1/2 inakula kona za nati mpaka ubaki na patasi.

Spea zinatoka Kampala, Ndeeba na Katwe kwa wingi, na zile za kaskazini zinasafiri kwa basi kupitia daraja la Karuma. Mwaka 2024 daraja lilipofungwa kwa ukarabati, kifurushi cha siku moja kilizunguka njia ndefu. Kwa hiyo agiza kwa namba, si kwa maneno. Muuzaji akiambiwa "beringi ya mbele ya Massey" atakuuliza ya mwaka gani, na utakuwa hujui. Soma namba iliyochongwa kwenye pete: 30208, kwa mfano, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano, 08 mara 5, ndicho kipenyo cha tundu, milimita 40. Sili inaandikwa vipimo vitatu usoni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Piga picha ya sahani ya namba ya injini, iko kwenye bloku. Spea ikifika, ilinganishe na ya zamani kabla ya kumlipa mtu wa basi, na sili itiwe upande wenye springi ukielekea mafuta.